Barua ya wazi kwa mnaotia saini vibali vya kubomoa: kabla hamjalivunja duka la Mgoa, fungueni leja

Waheshimiwa,

Kuhusu: duka la zamani la vileo, Main Street, Jinja

Mlionizidi umri, shikamooni. Wengine, hamjambo. Nawaandikia kwa Kiswahili ingawa najua meza zenu zimezoea Kiingereza. Mimi ni mtoto wa Walukuba, mtaa wa hapa Jinja. Katika zile nyumba za wafanyakazi, Msamia, Msoga, Mteso, Mlugbara, Mjaluo na Mnubi waliishi ukuta kwa ukuta, na lugha ya kuombea chumvi kwa jirani ilikuwa hii. Tena tangu Katiba iliporekebishwa mwaka 2005 Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda, kwa hiyo barua yangu ni halali hata kama itabidi mmwite askari wa getini awasomee.

Majuzi nilipita Main Street nikakuta duka letu limezungushiwa mabati mapya. Nasema letu kwa mazoea tu, maana halijawahi kuwa letu hata siku moja, na hilo nitalieleza. Fundi aliyekuwa akipigilia misumari aliniambia, "Mama, hapa inakuja akedi," yaani ghorofa la maduka madogo madogo. Nikaenda kuuliza katika ofisi moja. Walinipokea vizuri, wakanipa kiti. Nikaambiwa jengo hilo halimo katika orodha ya majengo ya kumbukumbu. Halafu kijana mmoja aliyekuwa akipanga mafaili akacheka, akasema hata lingekuwamo, nani ataweka kibao cha kumbukumbu kwenye duka la pombe?

Ofisi sitaitaja, wala kijana sina ugomvi naye. Shida ni kwamba pale pale sikuwa na jibu. Nimelipata nikiwa ndani ya matatu narudi nyumbani, na ndilo hili.

Duka hilo hatukulijua kwa jina lake. Juu ya mlango liliandikwa jina la ukoo wa wenyewe, jina la Kireno ambalo hakuna mtu Walukuba aliyeweza kulitamka bila kuuma ulimi. Sisi tuliliita Kwa Mgoa, basi. Goa ilitawaliwa na Wareno mpaka mwaka 1961, na Wagoa waliofika huku wengi wao walikuwa Wakatoliki. Majirani zao wa Main Street waliuza vitambaa, sukari, misumari na majembe. Mgoa dini yake haikumkataza divai, akauza chupa. Padri alipata kwake divai ya misa, mameneja wa viwanda wakapata wiski, mafundi wa Kizungu waliokuwa wakijenga bwawa wakapata jini, na mwenye mshahara mdogo akapata bia moja ya kwenda nayo nyumbani ndani ya gazeti.

Babu yangu aliingia humo kijana, akitoka Samia, wakati bwawa la Owen Falls likiwa bado ni makorongo na saruji mbichi. Bwawa lilifunguliwa na Malkia Elizabeth Aprili 1954. Ng'ambo ya mto, pale Njeru, kiwanda cha bia cha Nile kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1951. Umeme ukavuta viwanda: Nytil ya nguo, kiwanda cha kuyeyushia shaba iliyotoka Kilembe, na vingine. Mji ukajaa vijana wenye mshahara wa mwisho wa mwezi na wasio na mama wa kuwauliza umekwenda wapi. Hao ndio waliolifanya duka.

Kazi ya kwanza ya Babu ilikuwa kuosha chupa. Sheria za wakoloni zilimkataza Mwafrika kuuziwa vinywaji vikali vya Kizungu mpaka ndani ya miaka ya 1950. Bia aliruhusiwa, lakini wiski na brandi zilikuwa za watu wengine. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa Babu alipanga rafuni chupa ambazo yeye mwenyewe, akizinunua, angekamatwa. Alizijua kwa uzito na kwa rangi. Angefumba macho, akashika chupa, akakuambia ni ya nchi gani, kwa kupapasa kitako chake tu. Ladha hakuijua. Siku marufuku ilipoondolewa, Mgoa alimmiminia tone kwenye kifuniko, Babu akaonja, akasema, "Hiki ndicho mlichokuwa mkituficha?" Akarudi kwenye chai yake. Mpaka anakufa hakuwa mnywaji. Alisema mwuza kaburi halali ndani yake.

Niwaeleze kidogo namna duka lilivyokuwa likienda, kwa sababu wajenzi wa akedi wanadhani duka ni kuta nne na shata ya chuma.

Mbele kulikuwa na baraza lenye nguzo, na barazani fundi cherehani aliyelipa kodi yake kwa kushona mashati ya wafanyakazi wa duka. Ndani, kaunta ya mbao nzito iliyopigwa pasi na viwiko vya watu. Nyuma ya kaunta rafu hadi darini, na ngazi ya kuegemeza. Nyuma kabisa stoo yenye kuta nene na dirisha dogo lililoelekea ziwani, sakafu yake ikinyunyizwa maji asubuhi na jioni. Friji ilikuwa moja, ya kuonyesha. Bia ya kawaida ilipozwa kwa magunia yaliyoloweshwa, na nawaapia ilikuwa na ubaridi wa kutosha. Jioni taa ya barazani ilipowashwa walikuja sami, wale wadudu wa ziwani, wakafanya wingu zima, na asubuhi kazi ya kwanza ilikuwa kuwafagia kwa kilo.

Biashara yenyewe ilisimama juu ya chupa tupu. Vijana wa leo wananunua bia kama anayenunua biskuti. Zamani ulikuja na tupu yako mkononi, usipokuwa nayo unaweka rehani. Kreti ni chupa 25, na mwenye duka asiyerudisha kreti kamili haletewi nyingine. Kwa hiyo chupa tupu iliyovunjika ilimuuma Babu kuliko bia iliyomwagika. Nikiwa mtoto nilikagua midomo ya chupa kwa kidole, moja baada ya nyingine, nikitafuta iliyokatika. Mpaka leo nikipewa soda hupitisha kidole kwanza. Wajukuu hunicheka.

Na kulikuwa na leja. Kitabu kikubwa chenye jalada gumu, mgongo wa ngozi nyekundu, kurasa zenye mistari ya buluu. Kila mwenye kukopa alikuwa na ukurasa wake: jina, kiwanda anachofanyia kazi, tarehe, kitu, bei, sahihi au dole gumba. Mwandiko wa Mgoa ulilala kulia kama mtama uliopigwa na upepo. Baadaye ukaja mwandiko wa Babu, uliosimama wima kama askari, kwa sababu aliusomea ukubwani.

Bibi yangu alikuwa mlokole. Mnawajua walokole wetu: pombe kwao ni mlango wa moto. Aliolewa na mwuza pombe kwa sababu alimpenda, akaokoka baada ya ndoa, na hapo wawili hao wakafanya mkataba ambao sijaona mfano wake. Kila siku ya kazi alimpelekea Babu chakula cha mchana, kutembea kwa miguu toka Walukuba na kikapu kichwani, lakini hakuvuka kizingiti. Aliketi barazani karibu na fundi cherehani, akaita, "Baba fulani, chakula," naye Babu akatoka, akala hapo hapo mbele ya watu wote. Zaidi ya miaka 20 hivyo. Mvua ikinyesha upepo ukaipeleka barazani, Bibi aliloa. Hakuingia.

Kisha Agosti 4, 1972, Idi Amin akatangaza kwamba Waasia wenye pasi za Kiingereza waondoke, na muda waliopewa ni siku 90. Haya mnayajua, yameandikwa vitabuni. Kisichoandikwa ni jinsi siku hizo 90 zilivyokwenda ndani ya duka moja. Mgoa aliendelea kuagiza bia. Babu alimuuliza mbona unaagiza, akajibu, "Duka tupu ni aibu." Usiku wa mwisho wakahesabu mali yote wawili, chupa kwa chupa, wakaandika jumla chini ya ukurasa, Mgoa akatia sahihi. Alimkabidhi nani? Hakukuwa na mtu. Aliwacha ufunguo kama alivyoagizwa, akamlipa Babu mishahara ya miezi iliyobaki ya mwaka, na akaiacha ukutani picha ya Mtakatifu Fransisko Ksaveri, kwa sababu alisema mtu akikuta ukuta mtupu atajua mwenyewe harudi tena.

Duka likagawiwa kwa sajini mmoja. Hiyo ndiyo iliitwa Vita vya Uchumi, na waliogawiwa mali tukawapa jina la mafuta mingi. Sajini hakuwa mtu mbaya, na Babu hakuwahi kumsema vibaya. Ila biashara hakuijua. Mmesikia kile kisa cha wenye maduka wapya walioona 15, saizi ya shati, kwenye ukosi wakadhani ni bei. Kwetu ilikuwa 70. Wakati ule chupa za pombe kali zilizotoka Uingereza ziliandikwa nambari ya ukali, na nyingi zilikuwa 70. Basi wiski shilingi 70, jini shilingi 70, brandi shilingi 70. Watu wakamaliza brandi kwa siku mbili, jini ikakaa. Ilipofika divai ya misa, ambayo haikuandikwa nambari hiyo, sajini alimwambia padri achukue tu. Babu aliapa kwamba ni kweli. Mama yangu alisema Babu chumvi haikumwishia. Mimi naandika nilivyoambiwa. Na ile picha ya mtakatifu sajini hakuiondoa, kwa kuwa alidhani ni babu yake Mgoa, na picha ya mzee wa watu haitupwi.

Ikaja miaka ya magendo. Sukari kwa foleni, chumvi kwa foleni, sabuni kwa kujuana. Bia ikawa inatoka kiwandani kwa vikaratasi vya wakubwa. Babu akabaki nyuma ya kaunta, akimuuzia sajini, akimwekea hesabu sajini, akiandika ndani ya leja ile ile. Kurasa za miaka hiyo zina vitu vya ajabu: mtu amekopa bia mbili, amelipa kwa kipande cha sabuni. Mwingine amelipa kwa betri za tochi.

Sasa nifike mahali ninapotaka mnisikilize vizuri.

Jinja ilitekwa na majeshi ya Tanzania Jumapili, Aprili 22, 1979. Mimi nilikuwa na umri wa miaka minane. Watu walitoka na matawi ya miti kuwapokea. Sajini alikuwa amekwishaondoka siku nyingi, hatukujua kaelekea wapi. Na kama ilivyotokea miji mingi wakati huo, furaha ikageuka uporaji kabla ya jua kuwa kali. Main Street nzima ikafunguliwa kwa mashoka. Kwa Mgoa watu walikuwa wakitoka na kreti vichwani, na rafu, hata na ngazi. Kuna mtu alitoka na kaunta, sijui kwa nguvu gani.

Bibi alikuwa anarudi kanisani, amevaa gomesi lake la Jumapili, lile vazi refu la mshipi la wanawake wa Uganda. Akaona. Akapanda barazani, na kwa mara ya kwanza tangu aokoke, akavuka kizingiti. Nilikuwa nimeshika mkono wake, kwa hiyo hili sikusimuliwa. Ndani palinuka brandi mpaka macho yakawasha, na vioo vilikuwa vikilia chini ya viatu. Watu walimpisha, wengi walikuwa wakimjua, nadhani waliona haya. Alikwenda moja kwa moja nyuma, mahali kaunta ilipokuwa imesimama, akaokota leja kutoka kwenye dimbwi, akaipangusa kwa mkono wa gomesi. Halafu akaisukuma ndani ya gomesi, chini ya mshipi. Anayelijua gomesi anajua lina nafasi ya kuficha mtoto wa miaka miwili.

Tulipotoka, njia panda, askari wa Kitanzania alimsimamisha. Kijana tu.

"Mama, shikamoo. Humo umebeba nini?"

"Madeni ya watu, mwanangu."

Akacheka mpaka akaegemea bunduki. Akatuambia tupite.

Babu alipoiona leja alikasirika kwanza. Chupa zote zile, na wewe umeleta karatasi? Lakini ndizo karatasi zilizotulisha. Mwezi uliofuata alianza kuzunguka Walukuba, Mpumudde, Masese, nyumba hadi nyumba, leja kwapani. Hakudai kwa nguvu. Alifungua tu ukurasa, akamwonyesha mtu dole gumba lake mwenyewe. Wengine walilipa fedha, mwingine alimpa mbuzi, mwingine gunia la mahindi, na mwanamke mmoja wa Masese, mtengeneza enguli, ile pombe kali ya kienyeji, alimpa mtungi na kumwambia asimwambie mke wake. Enguli ilikuwa imewekewa sheria tangu mwaka 1965, kwamba mpikaji awe na leseni na mali yake iende kiwandani ikasafishwe iwe waragi ya chupa. Masese sheria hiyo ilisikika kama redio ya jirani. Kwa madeni hayo Babu alinunua kreti zake za kwanza, akapanga chumba kile kile kutoka kwa ile bodi iliyosimamia mali za Waasia walioondoka, na akafungua duka upya bila rafu. Chupa zilisimama sakafuni, kwa mistari.

Miaka iliyofuata sitaisimulia sana. Serikali zilibadilika, bei zilibadilika zaidi. Mwaka 1987 fedha ilipobadilishwa, sifuri mbili zikakatwa na juu yake kodi ya asilimia 30, ukipeleka shilingi laki moja unarudi na 700. Nilikuwa msichana wa miaka 16. Babu alinikalisha mezani na kalamu nyekundu, tukafuta sifuri mbili katika kila ukurasa wa leja kuanzia magharibi hadi usiku wa manane. Alikuwa akisoma majina kwa sauti. Alipofika kwa marehemu alisema, "Huyu mwache na sifuri zake."

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wenye mali walipokuwa wakirudishiwa majengo yao, alikuja binti wa Mgoa kutoka Kanada, na hati zake ndani ya mfuko wa plastiki. Babu akamletea kiti, akamletea leja, akamwonyesha sahihi ya baba yake chini ya ile hesabu ya mwisho. Hesabu hiyo haikudaiwa na mtu, ila yeye aliisoma yote, chupa kwa chupa. Kisha Babu akapanda juu ya kreti, akaishusha picha ya mtakatifu, ambayo wezi wa mwaka 1979 walikuwa wameiacha, akampa. Ukutani ikabaki alama ya mraba, rangi safi katikati ya rangi ya moshi. Nadhani ipo hadi leo chini ya rangi za wapangaji waliofuata. Binti alimwacha Babu aendelee kupanga kwa kodi ndogo. Baadaye jengo liliuzwa, Babu akafariki, na duka likafungwa bila tangazo. Wakapanga wauza simu, wakapanga wauza viatu vya mitumba. Juu, pale ulipoandikwa mwaka wa kujengwa kwa saruji, sasa pamefunikwa na bango la kampuni ya simu.

Nisije nikaonekana naisifu pombe. Mjomba wangu, mwana wa kwanza wa Babu, aliianza katika stoo ile ile yenye sakafu ya maji. Alianza kwa kumaliza mabaki ya chupa tulizoletewa za kuoshwa. Alifia kwenye vifuko vya waragi, vile vya plastiki vya bei ya andazi, miaka michache kabla ya serikali kuvipiga marufuku mwaka 2019 na kutaka pombe kali isifungwe chini ya mililita 200. Bibi alimzika bila kumwambia Babu neno la lawama, na hilo lilimuumiza Babu kuliko kama angesema. Kwa hiyo kijana wa mafaili asidhani namletea hadithi tamu. Duka lilitusomesha na duka lilituulia mtu, na vyote viwili vimo katika kitabu kimoja, kwa maana ukurasa wa Mjomba upo. Babu alimfungulia kama mteja mwingine yeyote, ili aone mwenyewe.

Sasa jibu langu. Nani ataweka kibao kwenye duka la pombe? Kijana wangu, ukivuka daraja utakuta kiwanda cha bia cha tangu 1951, nacho hakionewi haya. Speke, yule mpelelezi Mwingereza, ana mnara wake pale chanzo cha Nile, na alichofanya ni kutazama. Bwawa lina jina lake jipya, Nalubaale. Sukari ya Kakira, pamba, shaba, vyote vinatajwa kila anapokuja mgeni. Wale waliovuna, waliofuma na walioyeyusha, jioni walikwenda wapi? Walipita Kwa Mgoa na tupu mkononi. Ukitaka kuwajua wafanyakazi wa mji huu kwa majina, kiwanda kwa kiwanda, mwaka kwa mwaka, mimi sijui kitabu kingine kinachowataja. Kuna mahali pana majina manane ya watu wa tanuru la shaba kwa siku moja, na bia walizochukua, na aliyewalipia wote.

Na karatasi zenu, waheshimiwa, zinajua wenye majengo peke yao. Nimeambiwa faili la kiwanja hicho lina aliyejenga, aliyenyang'anywa, aliyegawiwa, bodi, aliyerudishiwa, aliyeuza, aliyenunua. Watu saba. Aliyesimama nyuma ya kaunta zaidi ya miaka 40 hayumo, kwa sababu hakuwahi kumiliki hata tofali. Ndiyo maana nilisema mapema kwamba duka halikuwa letu.

Sitaki msimamishe akedi. Jinja ni jiji tangu Julai 1, 2020, na wajukuu zangu nao wanatafuta pa kufanyia biashara. Ninachoomba ni kidogo, na kiko ndani ya uwezo wenu. Kabla mabati hayajaondolewa na tingatinga kuingia, atumwe mtu mwenye kamera na futi, apige picha na kupima: baraza, nguzo, stoo, dirisha la ziwani, na pale kwenye alama ya mraba akwangue rangi taratibu. Sheria ya 1967 ya mambo ya kale imekwisha kupisha nyingine, ile ya mwaka 2023 ya makumbusho na kumbukumbu, kwa hiyo hakuna atakayesema hana pa kuanzia. Cross-Cultural Foundation of Uganda walishapita wakaorodhesha majengo ya kale ya Kampala, Entebbe na Jinja. Wanajua kazi hiyo, waulizeni. Mwenye jengo aombwe auache ukuta wa mbele, wenye baraza na ule mwaka wa saruji, ghorofa zake zipande nyuma yake. Akikataa, basi zile herufi za saruji zikatwe nzima zisivunjwe, mimi nitazitafutia gari.

Ombi jingine linahusu vitabu vya leseni. Kila mwuza vileo alilipa leseni, na leseni ziliandikwa. Kama vitabu hivyo bado viko katika stoo yoyote ya serikali, vikiliwa na mchwa, naomba visichomwe siku ya kusafisha. Humo mtawakuta na wanawake wa pombe za kienyeji, wa malwa na wa tonto, ambao nao hawana kibao popote.

Na kikiwekwa kibao siku moja, kisiandike tu "jengo la mfanyabiashara wa Kiasia". Kiandike kiliuzwa nini, na kiandike kwamba palikuwa na mwosha chupa.

Leja ninayo. Imekaa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda changu, na kurasa za katikati bado zimeshikana kwa brandi ya mwaka 1979. Niko tayari kuileta mkaipiga picha ukurasa kwa ukurasa, mradi mimi niwe nimekaa karibu. Wengine miongoni mwenu mtakuta majina ya baba zenu, na mmoja ninayemfahamu atakuta la mama yake. Msiogope. Babu alishafuta sifuri, na mimi sidai.

Naomba tu iwe asubuhi. Kitabu ni kizito, na mgongo wake wa ngozi haupendi jua.

Wenu mtiifu,
Mjukuu wa mwosha chupa,
Walukuba, Jinja